28 ya Kwenu Haiko 28 ya Kwetu

Makomeno, Lubumbashi
Siku ya posho, jumamosi, tarehe 12 ya mwezi wa saba, 2025

Mpendwa Rigobert, mujukulu wangu,

Nani alikuweka chef wa nyumba yangu? Nijibu ile kwanza. Uko kule Liège, unakaa ku kiti, unashika telefone, unasema: "Mama, funga ile kinga, ile baiskeli, mu depo, dada yangu Syntiche asiipande tena, muiuzishe." Na mama yako anafunga kweli, sawa vile sauti imetoka mbinguni. Hauna haya? Mutoto mwenye nilimunawisha matako na hii mikono yangu, leo anatoa amri mu nyumba yenye kambo yako mwanaume, babu yako, alijenga, mufuko wa sementi moja moja, wakati alikuwa anatumika ku chemin de fer, kazi ya reli!

Sasa nakusalimia, juu bazazi wangu balinifundisha muzuri. Jambo sana. Habari ya bibi yako, mwenye ulioa? Na mutoto Israël, meno ya mbele imetoka, ao iko anauma na ufizi tu? Mwili yako je? Ile mugongo yenye ilikuwa inakuuma ku kazi, ilipoa? Hapa baridi ya mwezi wa saba imetukamata. Vumbi nyekundu inaingia mpaka mu sahani, na magoti yangu inalia sawa mulango yenye kukosa mafuta. Lakini niko. Nakula bukari yangu ya unga ya mahindi, naenda misa na miguu yangu, sijaomba muntu anishike mukono.

Nakuandikia ku karatasi juu message ya sauti unaisikilizaka nusu, kiisha unanitumia kichwa ya kucheka. Karatasi itakungojea mpaka umalize. Kama maandiko yangu inalala upande, isome vile vile. Miye nilifika paka ku ya tatu ya primaire. Lakini kuhesabu balinifundisha, na utaona kama kuhesabu njo imekuhukumu.

Tuanzie ku kinga yenyewe. Ile kinga ya mulima yenye ulituma ku Pâques, ku Pasaka, iko muzuri, sikatai. Siku balitoa makartoni, bajirani bote balikuya kuangalia yale magurudumu, makubwa, meno sawa ya trakteri. Na weye ulituma na maneno juu ya ukubwa ya magurudumu yake: "Kambo, 29 njo kinga ya leo. 26 imekufa." Mujomba wako Osée alicheka mpaka akakohoa, juu 26 yake inamupeleka ku kazi depuis miaka kumi na mbili, na hatujaizika.

Unajua vile dada yako Syntiche iko. Tangu alianza kupanda na kikundi ya bavijana ya Karavia, kule kando ya ziwa, analala mapema, anakula muzuri, hanijibu tena na mabega. Tarehe 9 ya mwezi wa munane kuko mashindano ku Kambove, mu bilima ya udongo yenye bantu ya zamani balitupa wakati balikuwa banachimba shaba. Banamuke babili ya kwanza bataenda kushindana ku Ndola, Zambia. Mutoto wangu mwenye hajavuka hata Kasumbalesa, ku mupaka! Anatafuta ile nafasi sawa muntu anatafuta maji. Miye pia naitafuta. Nasema wazi ili usiseme hukujua.

Mwezi wa tano jiwe ikapasua mupira wa inje ya nyuma, ikapasuka vibaya, haishoneki. Tulizunguka soko yote. Mipira ya 26 inaninginia kila pahali sawa samaki ya kukauka. Ya 28, ile ya kinga kubwa ya bantu ya makala, bauzaji ya makaa, imejaa. Ya 29, hata moja. Bauzaji balikuwa banatuangalia sawa vile tunaomba mupira ya ndege. Njo Syntiche akakupigia. Nilikuwa pembeni yake, sauti ya telefone ilikuwa wazi, usikatae. Ulisema: "Tia 28. 28 na 29 ni kitu moja, hapa kila duka inajua."

Basi Syntiche na mama yako balienda kwa fundi Musonda, ule wa kibanda karibu na pompe ya maji. Yeye kazi yake ni kinga ya bantu ya makala, bale benye banatoka mu pori na mifuko ine ao tano mpaka muntu mwenyewe haonekane, unaona mifuko tu inatembea. Musonda akatia ile 28 yake. Iliingia na bidole tu, bila chuma ya kusukumia. Akafurahi: "Imependa, Mama! Imependa!" Imependa! Kiatu ya baba nayo inapenda muguu ya mutoto, inaingia haraka sana.

Kiisha siku tatu, ku Kambove, kule kikundi balienda kujifundisha, wakati Syntiche alikuwa anashuka kilima ya mawe, ule mupira ikatoka mu chuma yake, ikajizungusha ku fren, ku breki, gurudumu ikasimama, na mutoto akaruka mbele ya kinga yake. Jino moja ilikatika nusu. Kiwiko ilichubuka mpaka nyama. Mukono ilivimba juma mbili. Balimurudisha hapa mu motoka yenye ilikuwa inaleta mifuko ya kabeji, yeye juu ya kabeji, anashika kinga, halii. Aliniambia kitu moja tu: "Kambo, sikukosea. Ilitoka yenyewe."

Miye nilimusadiki. Weye haukumuuliza hata swali moja.

Mama yako alikupigia na kilio, na ukakata hukumu mbele machozi ikauke. Ulisema Syntiche hajui kupanda. Ulisema 29 ni kinga ya banaume, mwanamuke atafutiwe 26 ya kuendea soko. Na ukasema funguo. Mama yako Claudine akafunga. Mutoto akakaa ku mulango ya depo siku mbili, anaangalia kufuli sawa muntu anaangalia kaburi. Hakula bukari yangu. Bukari yangu, Rigobert! Pale njo nilivaa kitambala ku kichwa nikatoka.

Nilienda kwa Musonda na kamba mu mukono.

"Leta gurudumu moja ya makala, ya 28, haina mupira."

"Ya nini, Kambo? Unataka kuuzisha makala?"

"Nataka kuuzisha ulimi yako. Leta."

Nikazungusha kamba ku chuma, pale mupira inakaa, nikafunga kifundo pale ncha ilikutana. Kiisha nikachukua chuma ya 29 ya Syntiche, nikaivalisha ile kamba. Ililegea. Ililegea mpaka niliingiza bidole bibili, na bidole yangu haiko ya sista wa couvent. Musonda akaangalia kamba, akaangalia miye, akaangalia tena kamba.

"Lakini Kambo, 28 inapitaje 29?"

"Njo ile nakuuliza weye, fundi!"

Nikavaa miwani. Ku upande ya kila mupira kuko namba ndogo ndogo, zenye hakuna muntu anasomaka juu namba kubwa inapiga kelele. Ku mupira wa Bulaya, ule wenye ulipasuka, baliandika 622. Ku mupira wa makala, 635. Nikamuita Musonda karibu, nikamuuliza sawa mwalimu: "Gani inapita?" Akajibu na sauti ya chini: "Mia sita makumi tatu na tano." Basi! Ile namba ndogo njo inapima pahali mupira inakaa. Ile kubwa, 29, banahesabu na unene ya mupira yenyewe, ni sawa kupima muntu na viatu ya kisigino. Ukiivua kiatu, 29 iko mufupi kuliko 28 yetu.

Na weye pia haukusema uongo, nimeuliza. Syntiche aliangalia mu telefone yake: kule kwenu kuko 28 ingine, nayo iko 622, inakaa ku 29 sawa kofia ku kichwa yake. Lakini ile 28 ya kwenu haiko 28 ya kwetu. Jina moja, bintu bibili. Ku parokia yetu tuko na ba Angélique batatu. Ukiita Angélique nyuma ya misa, batatu banageuka, na moja wao tu njo alikuibia sahani. Weye uliita 28 kutoka Liège, na ku Lubumbashi ikageuka ile ingine. Miaka saba tu umetoka hapa, na umesahau makala yenye ilipika chakula yako inapitaka ku kinga gani.

Musonda alikaa ku debe. Alishika kichwa. Akasema: "Kambo, ningeua mutoto wa bantu." Yeye, mwenye hakuenda Bulaya, alisema ile bila muntu kumulazimisha. Weye ningali nangojea.

Kutoka pale nilienda moja kwa moja kwa mama yako.

"Claudine, lete funguo ya depo."

"Mama, Rigobert alisema..."

"Na miye nilizaa nani, Rigobert ao Claudine?"

"Njo yeye anatusaidia, Mama. Tukimukasirisha..."

"Akikasirika, atapoa, kule baridi iko mingi. Lete funguo."

Alileta. Sasa hivi iko mu kifundo ya kikwembe yangu, ile kitambaa ya kiuno, nalala nayo, naenda nayo misa. Muntu mwenye anataka kufunga ile depo tena, aanze na kufungua kikwembe ya mwanamuke mwenye iko na miaka makumi saba na ine. Nangojea nione mwenye moyo.

Lakini sikutaka kukushinda na kelele tu. Ulisema 29 haimufai. Bon, tulipima. Posho ya juma iliyopita tulienda ku njia ya nyuma ya Karavia, pale bavijana banajifundishaka. Kuko mawe, kuko kupanda, kuko kona kona katikati ya miti ya kaliptusi, kiisha inanyooka mpaka kando ya maji. Osée alileta 26 yake. Abigaël, rafiki ya Syntiche, ule mufupi wa kucheka sana, alileta yake ya 27 na nusu. Kikundi balitukopesha mupira ya nyuma ya 29, ya kuzeeka, imekwisha meno sawa miye, ya ile asubui moja tu. Syntiche alizunguka na kila kinga mara mbili, na kati ya kila moja nilimulazimisha apumuzike, asiseme kesho alichoka.

Miye nilikaa ku kiti ya plastiki na rozali. Saa ya Osée siiamini, inakawia sawa yeye. Lakini Salamu Maria yangu ninaijua, haikimbii na hailale. Na nilisali kweli kweli, kila moja, kama padri iko na swali anikute.

Na 26, mizunguko yote mibili: rozali nzima na Salamu Maria makumi mbili na mbili juu. Na 27 na nusu: rozali nzima na kumi na tatu. Na 29, mupira wa nyuma haina meno: rozali nzima na sita.

Osée alikataa. "Mama, ulisali haraka ku ya mwisho!" Nikamuambia akae yeye, asali yeye, hata Baba Yetu anaikataka katikati.

Sitakuficha kitu, miye haiko weye. Mu ile kona kona ya kaliptusi, 26 ilikuwa inageuka sawa panya, na ile 29 ilikuwa inageuka sawa lori ya kontena. Mara moja Syntiche alikamata muti na bega. Na kuanza kutoka pale umesimama, 26 inaamka haraka, 29 inataka uikanyange kwanza uiombe. Lakini mu mawe! Rigobert, mu mawe 26 inaingia mu kila shimo na kila shimo inaileta mpaka mu meno. 29 inapita juu. Inapita tu, sawa muntu mukubwa anapita juu ya bitoto binalala chini. Na ikisha kupata mwendo haitaki kuuacha. Mu kupanda kilima, ya nyuma inashika chini, haitelezi.

Ile 27 na nusu iko katikati ya yote, na Abigaël iko nayo muzuri, juu iko mufupi na anapenda kurukisha kinga ku bilima kidogo kidogo. Tulimupandisha ku 29, miguu ilitafuta chini haikuiona, alicheka mpaka akaanguka polepole mu majani. Osée na 26 yake, yeye anapita mu bichochoro, anaruka mitaro, mupira ikipasuka anaununua ku kona yoyote: abaki nayo mpaka afe yeye, kinga itabaki. Bantu ya makala nabo babaki na 28 yao, juu hakuna kinga ya Bulaya itabeba mifuko tano kutoka mu pori. Kila muntu anapanda kwa kazi yake na kwa muguu yake. Ile ya "29 njo ya leo" ni maneno ya duka. Ile ya "29 njo ya banaume" sijui ni maneno ya nani, lakini haikutoka mu nyumba hii. Syntiche iko na miguu ya kambo yako mwanaume, urefu ule ule, goti ile ile. Kaa ukumbuke vile ulikuwa unamuita "échelle", ngazi, mpaka analia. Basi échelle yako ilipata kinga ya kimo yake.

Na njo pale nakupa haki yako, uishike na mikono mibili juu sitairudilia: kinga ulichagua muzuri. Ulikosea paka mu kinywa. Kiisha ukatia kosa yako juu ya mutoto na ukaifungia mu depo. Ile njo inaniuma kupita jino yake.

Unatuma bintu, tunakushukuru, tunakuombea. Wakati dawa yangu ya moyo ilipotea mu pharmacie, weye njo uliituma. Sijasahau. Lakini kusaidia nyumba haiko kuitawala kutoka mbali. Kama msaada yako inakuya na kufuli, shika msaada, shika na kufuli. Tulikuwa hai mbele yako.

Na ujue hii pia: tarehe 9 Syntiche atapanda ku Kambove. Mupira ikifika, atapanda 29. Isipofika, atapanda 26 ya Osée, mashimo yote imupige mu meno yenye ilibaki, na miye nitakaa ku kilima na kiti yangu. Usingojee kusikia kama alibaki ku nyumba.

Osée anakusalimia, anasema nikuambie ile maiti ya 26 ingali inatembea. Mama yako anakusalimia, anakupenda, anakuogopa kidogo. Ile ya kuogopa nitamutoa. Fundi Musonda anakusalimia. Ameandika 635 na 622 na rangi ku ukuta ya kibanda, kubwa, hata kipofu ataona. Salimia bibi yako, busu Israël ku mashavu yote mbili. Mungu akulinde ku kazi, akulinde ku barafu, akupe masikio sawa vile alikupa ulimi.

Sasa sikia. Hii barua inafika kwako Liège mu mikono ya Angélique, binti ya Mama Chileshe, ule mwenye hakuiba sahani. Anarudi huku tarehe 30 ya huu mwezi. Mbele ya ile, utaenda ku duka, utaomba mipira mibili ya inje ya 29 na mibili ya ndani. Usisikilize muuzaji. Inama, tafuta ile namba ndogo, isome na macho yako, 622, kiisha umupatie Angélique mu mukono, haiko kumuachia mulangoni. Lakini ile ni ya kesho. Ya leo iko ingine. Ukimaliza huu mustari, utapigia Syntiche, mama yako akiwa pembeni, sauti wazi, sawa ile siku. Utasema: "Nilikosea miye." Maneno mbili. Usitie "lakini" nyuma yake, juu nitakuwa pale nasikiliza. Chukua telefone. Piga.

Kambo yako, mwenye anakupenda sana na hakuogopi hata kidogo,

Germaine